Mohamed Amin: Mpigapicha aliyeiamsha dunia kabla ya enzi ya simu

SIKU hizi mvuvi wa Kalokol, mji mdogo ulio karibu na ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, anaweza kupiga picha ya mifugo iliyoangamizwa na kiangazi, na picha hiyo ikaonekana Nairobi na London kabla yeye hajafika nyumbani.

Mambo hayakuwa hivyo enzi za Mohamed Amin. Mpigapicha huyo alilizunguka ziwa hilo katika msafara uliozaa kitabu chake, Cradle of Mankind, kilichochapishwa mwaka wa 1981. Wakati huo, picha ilitoka Turkana mkononi mwa aliyeipiga.

Amin alizaliwa Nairobi mwaka wa 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambako alianza kupiga picha akiwa mwanafunzi. Mwaka wa 1963, akiwa bado kijana mbichi, alianzisha kampuni ya Camerapix. Kazi hiyo ilimponza mapema, kwani alitiwa gerezani Zanzibar kwa takriban wiki nne katika miaka hiyo ya 1960. Hakukoma. Mwaka wa 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi jijini Nairobi, Amin alikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo na kamera.

Jina lake lilivuma zaidi Oktoba 1984. Akiwa na Michael Buerk wa BBC, alifika Korem, kaskazini mwa Ethiopia, ambako maelfu ya watu walikuwa wakifa njaa. Ukanda wa filamu ulisafirishwa kwa ndege na kuonyeshwa Oktoba 23. Mamia ya vituo vya televisheni viliurusha, na Julai 1985 likafanyika tamasha la Live Aid kuchangisha fedha.

Mwaka wa 1991, mlipuko wa ghala la silaha mjini Addis Ababa ulimkata mkono wa kushoto na kumuua mwenzake, John Mathai. Amin alipachikwa mkono bandia, akarejea kazini. Aliaga dunia Novemba 23, 1996, ndege ya shirika la Ethiopia iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Watu 125 walifariki.

Miaka 15 baadaye, njaa ilipoikumba Turkana mwaka wa 2011, picha zilisambaa haraka mno, na Wakenya wakachanga mamilioni ya shilingi kupitia simu katika kampeni ya Kenyans for Kenya. Kilichohitaji ndege mwaka wa 1984 sasa kilihitaji kidole tu.

Je, mwanahabari amebaki na kazi gani, ikiwa kila mtu ana kamera? Maisha ya Amin yanatoa jibu. Picha za Korem ziliaminika kwa sababu palikuwa na mtu aliyefika, akaona kwa macho yake na kuweka jina lake. Leo picha ya njaa ya mwaka mwingine, au ya nchi nyingine, huweza kupachikwa jina la Kalokol na kuzagaa kutwa nzima. Anayelipa gharama ni mfugaji, kwani siku akilia kwa kweli, watu watakuwa wamechoka kudanganywa.

Kufika wa kwanza si sifa tena ya mwanahabari, kwani mvuvi mwenye simu amekwisha kumtangulia. Kazi iliyobaki ni ile ngumu zaidi: kwenda, kuhakikisha, na kukubali kuulizwa.