Ruwej na Neno "Rukan"

Mimi ni mtoto wa Musumba, mji wa Mwant Yav, jimboni Lualaba. Kwetu hakuna asiyemjua Ruwej. Wazee humsimulia hivi.

Baba yake, Nkond, alikuwa chifu wa Waruund. Siku moja alikuwa akisuka mkeka, na pembeni chungu cha maji ya kulowekea nyuzi, meupe kama malafu. Wanawe, Chinguud na Chinyam, wakadhani mzee amelewa, wakampiga. Ruwej ndiye aliyemuuguza. Kabla ya kufa, Nkond akaagiza rukan apewe binti.

Rukan ni bangili ya ufalme, iliyosokotwa kwa mishipa ya binadamu. Wachokwe na Waluvale huiita lukano. Sisi tunasema ru- badala ya lu-, kisha tunaangusha irabu ya mwisho. Ndiyo maana mwanta wa Wandembu kwetu ni mwant. Katika Kiswahili kiambishi hicho kimebaki u-: ulimi, kwa Waluba, ni ludimi. Ngeli hii hupenda vitu vyembamba na virefu, kama uzi, ukanda na ufito. Bangili ya mishipa imekaa mahali pake.

Baadaye akaja Chibinda Ilunga, mwindaji kutoka kwa Waluba, akamwoa Ruwej. Malkia alipokuwa katika siku zake, ametengwa kama desturi ilivyotaka, alimkabidhi mumewe rukan. Kaka zake wakakasirika, wakahama: Chinguud akaenda magharibi, upande wa Angola, Chinyam akaenda kwa Waluvale. Ruwej hakujaliwa mtoto. Akampa mumewe mke mwingine, Kamong, na uzao wao ndio ukoo wa Mwant Yav.

Wengi kwetu husema Ruwej alipoteza ufalme. Nami nilisema hivyo hadi nilipoanza kusoma ngeli. Rukan haimo katika ngeli ya watu. Haina uume wala uke. Ni kitu kinachopita mkono hadi mkono, na anayeivaa ndiye anayetawala. Lakini hakuna atoaye kisicho chake. Kila Mwant Yav anayeivaa ameipata kupitia mkono wa Ruwej.

Na hakuondoka barazani. Hadi leo yuko mama mwenye cheo cha Swan Murund, anayeshika nafasi yake. Nikirudi nyumbani likizo hii, hadithi hiyo nitaisimulia upya, nikianzia kwenye bangili.