SULTAN KHAN, BINGWA WA SATARANJI ALIYETOKA KIJIJINI

Katika toleo hili nimeonelea niwaletee maisha ya Sultan Khan, mchezaji hodari wa sataranji. Mchezo huu sisi shuleni twauita chesi, na wengi hapa Kwale hudhani ni wa watalii wa Diani au wa shule za bweni zenye vitabu. Kumbe sivyo! Sataranji ilianzia Bara Hindi, ikapitia kwa Waajemi na Waarabu.

Sultan Khan alizaliwa mwaka wa 1903 huko Punjab, katika kijiji ambacho leo kiko Pakistan. Alifundishwa mchezo na babake akiwa na miaka 9. Kwa sheria za kwao, askari hakuruhusiwa kuruka hatua mbili mwanzoni, kwa hivyo mchezo ulikwenda polepole. Tajiri mmoja, Sir Umar Hayat Khan, aliuona uhodari wake, akamchukua na kumfunza sheria za Kizungu. Mwaka wa 1928 akawa bingwa wa India nzima bila kushindwa hata mara moja. Mwaka wa 1929 akapelekwa London.

Huko alipata taabu. Baridi ilimtesa, na malaria ikamsumbua. Wenzake walikuwa wamejifunza vitabuni namna za kuanza mchezo, yeye mara nyingi alianza vibaya. Lakini ngoja vibakie vipande vichache ubaoni! Hapo ndipo wengi walipolia. Mwaka uo huo wa 1929 alitwaa ubingwa wa Uingereza, akautwaa tena 1932 na 1933.

Mchezo wake uliovuma sana ni ule wa Hastings, katika mashindano ya 1930-31. Alikutana na Capablanca wa Cuba, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu 1921 hadi 1927. Sultan Khan alibaki na ngome mbili, Capablanca akabaki na malkia. Mtu angedhani malkia atashinda. Wapi! Ngome mbili zikishirikiana humshambulia askari mmoja mara mbili, naye malkia humlinda mara moja tu. Sultan Khan hakuwa na haraka. Alimbana mwenzake kidogo kidogo, hata kwenye hatua ya 65 Capablanca akasalimu amri. Mwenda pole hajikwai.

Mwishoni mwa 1933 alirudi kwao na tajiri wake. Baada ya miaka michache mashindano yakaisha, akawa mkulima. Alifariki mwaka wa 1966 kwa kifua kikuu. Cheo cha bingwa mkuu kilianza kutolewa na chama cha dunia mwaka wa 1950, naye akiwa hai, lakini hakupewa. Alipewa cha heshima mwaka wa 2024, miaka 58 baada ya kufa. Wazee husema chanda chema huvikwa pete. Mimi nasikitika kwamba chake kilivikwa kaburini.

Wenzangu wa kutwa, tusijidharau ati kwa sababu hatuna vitabu. Wazee wetu wa Msambweni hucheza bao chini ya mwembe, wakihesabu kete kichwani bila kalamu. Akili hiyo ni yetu pia. Na nyinyi walimu wetu, mkimwona mwanafunzi ana kipawa, tafadhali msingoje. Mpeni heshima yake angali hai.