Esther Howland na Kadi za Mahaba

Wahenga walinena kuwa kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii yanikumbusha Esther Howland, aliyezaliwa mwaka wa 1828 mjini Worcester, Marekani, kwa baba aliyeuza vitabu na karatasi. Alihitimu masomo yake Mount Holyoke mwaka wa 1847. Punde si punde akapokea kadi ya mahaba kutoka Uingereza, yenye nakshi za lesi, akaazimia kuunda zake. Nduguye wa kiume alizitembeza madukani. Esther alitaraji oda za dola 200. Zikaja za zaidi ya dola 5,000! Ndipo akawakusanya wasichana nyumbani kwao, huyu akikata picha, yule akibandika lesi na utepe, wakapata ujira enzi ambazo kazi za wanawake zilikuwa haba.

Miaka ya 1880 ilipoanza, aliiuza biashara hiyo ili amuuguze babake. Hakuolewa, na alifariki mwaka wa 1904. Walimu na wanafunzi, tuzitazamapo kadi zile kongwe, tukumbuke kuwa kila moja ilipita mikononi mwa mabinti wenye subira, na kwamba aliyewaundia wengine salamu za mapenzi, lake alilionyesha kando ya kitanda cha mzazi.