Jethro Tull (1674–1741)

Mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu Mapinduzi ya Kilimo nchini Uingereza, usiishie kutaja jina la Jethro Tull, eleza alichobadilisha. Alizaliwa Berkshire, akasomea sheria, kisha akawa mkulima.

Wakati huo ngano ya majira ya baridi ilipandwa mnamo Oktoba, ikapitisha baridi kali shambani na kuvunwa Agosti. Mbegu zilitawanywa kwa mkono: nyingine ziliishia kwa ndege, nyingine ziliota zikiwa zimesongamana, na palizi ikawa ngumu.

Karibu mwaka 1701, Tull aliunda mashine ya kukokotwa na farasi iliyopanda mbegu kwa mistari na kuzifukia. Vibarua wake waliipinga. Baadaye aliona mizabibu ya Ufaransa ikipaliliwa katikati ya mistari, naye akapalilia ngano hivyohivyo kwa jembe la farasi. Alieleza mbinu zake katika kitabu cha mwaka 1731.

Kumbuka pia kosa lake. Aliamini kwamba mizizi hula chembe za udongo, hivyo shamba lililotifuliwa vizuri halihitaji samadi. Swali likisema “tathmini”, andika mafanikio yake pamoja na kosa hilo.