Kapteni Webb na maji yasiyo na mahali pa kutokea

Hebu piga hesabu hii. Unaingia baharini leo karibu saa saba mchana. Unaogelea alasiri yote. Jua linazama ukiwa majini, usiku unapita ukiwa majini, watu wanaamka na kunywa chai na wewe bado unapiga maji tu. Huruhusiwi kushika mashua. Huwezi kusimama, kwa maana chini hakuna pa kukanyaga. Unatoka kesho yake saa nne na dakika 41 asubuhi.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Kapteni Matthew Webb tarehe 24 na 25 Agosti 1875. Alikuwa mtu wa kwanza anayejulikana kuvuka kwa kuogelea ule mlango-bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa, bila kifaa chochote cha kumsaidia kuelea. Wengi wakisimulia habari zake huishia hapo, makofi yakipigwa. Lakini wewe ambaye labda unasoma hii ndani ya matatu, ukiwaza kuacha kazi ufuate kitu unachokipenda, twende hadi mwisho. Kwangu mimi siku kubwa ya Webb si hiyo. Ni tarehe 12 ya mwezi huohuo, siku aliposhindwa.

Tuanze nyumbani kwao. Webb alizaliwa Januari 19, 1848, Dawley, eneo la Shropshire nchini Uingereza. Baba yake alikuwa daktari. Kuogelea hakufundishwa na kocha yeyote, alijifunza mtoni Severn kama watoto wengine wa kando ya mto. Akiwa na umri wa miaka 12 hivi akaingia meli ya mafunzo ya ubaharia iitwayo Conway, na tangu hapo bahari ikawa ofisi yake. Huyu jamaa hakuwa mwanamichezo. Alikuwa mtu wa kazi, kama wewe.

Mwaka 1873 alikuwa kwenye meli Russia katikati ya Atlantiki, wakitoka New York, baharia mmoja akaanguka majini. Webb hakungoja amri. Aliruka na nguo zake, akamtafuta yule mwenzake katika maji baridi kwa zaidi ya nusu saa hadi mashua ikamfikia. Hakumpata. Hata hivyo alitunukiwa nishani ya Stanhope, akiwa mtu wa kwanza kabisa kuipokea, na jina lake likaanza kutajwa magazetini.

Wazo la kuvuka kwenda Ufaransa lilimjia aliposoma habari za J. B. Johnson, mwogeleaji aliyejaribu mwaka 1872 akashindwa. Wakati huo Webb alikuwa na kazi safi, nahodha wa meli. Akaiacha. Najua hapo umetabasamu. Ngoja kwanza uone alichofanya baada ya kuacha, maana hapo ndipo wengi wetu tunapotelezea.

Hakukimbilia baharini. Alienda London, akaanza mazoezi kwenye bwawa la kuogelea la Lambeth, chini ya macho ya kocha Fred Beckwith. Kisha akahamia mto Thames, halafu baharini kwenye maji baridi yaleyale aliyotaka kuyavuka. Alikuwa anaogelea kwa mtindo wa chura, polepole, kichwa juu. Hakuwa na kasi ya kumvutia mtu, na ungekuwa ukimtazama kutoka kwenye mashua ungesinzia. Lakini hakuwa anasimama. Julai 1875 aliogelea kwenye Thames kutoka Blackwall hadi Gravesend kwa karibu saa tano, akibebwa na maji yaliyokuwa yanapwa. Hapo alikuwa anajifunza jambo moja muhimu: usipigane na mkondo, jua ratiba yake.

Kama umewahi kuogelea kwa muda mrefu baharini, unajua kwamba adui si papa. Ni vitu vidogovidogo. Chumvi inakausha mdomo na ulimi unavimba. Ngozi ya shingo na kwapa inachubuka kwa kusuguana maelfu ya mara, na kila wimbi linamwaga chumvi juu ya kidonda. Shingo inakakamaa. Mguu unashikwa na mkakamao bila kubisha hodi. Halafu kuna baridi. Mwezi Agosti maji ya pale huwa nyuzi 16 hadi 18 hivi. Ya Mombasa, hata msimu wa baridi, ni kama maji ya kuoga ukilinganisha.

Basi Agosti 12 Webb akaingia majini Dover. Alikaa karibu saa saba. Upepo ukachafuka, mawimbi yakapanda, mkondo ukamtoa kabisa kwenye njia yake. Hakuwa ameishiwa na nguvu. Lakini aliitazama bahari, akapiga hesabu, akapanda mashua akarudi.

Hebu fikiria aibu yake. Kazi ameacha. Magazeti yameshaandika. Watu wanangoja shujaa, yeye anarudi amelowa na kutetemeka. Leo angepata meme kabla hajajifuta maji. Ila ile hesabu ndiyo iliyomwacha hai ajaribu tena siku 12 baadaye.

Agosti 24 alijipaka mafuta ya pomboo mwili mzima kuzuia baridi, akavaa bukta nyekundu ya hariri, akaruka kutoka gati la Dover. Mashua tatu zilimfuata. Alikula na kunywa akiwa anaelea: kahawa, bia, mchuzi wa nyama, mafuta ya ini la samaki, na brandi. Usiku konyeza akamchoma, yule kiumbe laini kama jeli ambaye watu wa Pwani wanamjua vizuri kwa mwasho wake. Akapewa brandi, akaendelea. Karibu na Ufaransa, usawa wa Cap Gris-Nez, mkondo ukamzuia kwa takriban saa tano. Nchi kavu anaiona, hafiki. Hapo ndipo yale mazoezi ya kuchosha yalilipa, kwa sababu alijua maji yatabadilika tu. Aliendelea kupiga chura wake taratibu, na yakabadilika.

Alikanyaga mchanga karibu na Calais baada ya saa 21 na dakika 45. Umbali wa moja kwa moja ni kilomita 33 hivi, lakini mikondo ilimzungusha hadi akakadiriwa kuogelea kilomita 64. Ni zaidi ya kutoka katikati ya Nairobi hadi Thika. Hakuna mwingine aliyefanikiwa hadi Thomas Burgess mwaka 1911, miaka 36 baadaye.

Sasa, msomaji wangu, tufike kwenye sehemu isiyopendwa.

Umaarufu ulikuja kama mvua. Picha yake ikawekwa kwenye viberiti. Aliandika kitabu cha kuogelea, akahutubia, akachangiwa pesa. Halafu mvua ikakatika, na watu wakataka kitu kipya. Webb akawa mtu wa maonyesho. Aliingia mashindano ya kuogelea siku kadhaa mfululizo. Huko Boston alielea ndani ya tangi kwa jumla ya saa 128, watu wakilipa kumtazama. Mwaka 1880 alikuwa ameoa, akapata watoto wawili, kodi na chakula havingoji. Afya nayo ilianza kuzorota. Yule aliyeruka Atlantiki bila kufikiria malipo sasa alikuwa anapimwa kwa tiketi.

Ndipo akatangaza kwamba ataogelea kwenye maporomoko madogo yenye kasi yaliyo chini ya Niagara, kwenye mpaka wa Marekani na Kanada. Maji pale yamebanwa kati ya kuta za mawe, yanapiga juu kama yanachemka, kisha yanaingia kwenye kizingia kikubwa. Watu walimkanya. Yeye alitarajia mapato na jina lililofufuka.

Julai 24, 1883 alipelekwa kwa mashua, akaruka. Waliokuwa kandokando walimwona akipita mawimbi ya kwanza, kisha hawakumwona tena. Mwili wake ulipatikana siku nne baadaye, chini zaidi mtoni. Alikuwa na miaka 35. Alizikwa huko Niagara Falls, New York.

Ni rahisi kusema Niagara ilimshinda nguvu. Mimi naona tofauti iko kwingine. Kwenye mlango-bahari palikuwa na mashua kando yake, na Agosti 12 aliitumia. Mazoezi aliyafanya palepale, akayajua yale maji hatua kwa hatua. Niagara hakukuwa na mazoezi wala mashua ya kumfuata, na ukishaingia hakuna tarehe 12. Yule Webb wa 1875 angeyatazama maji yale, akapiga hesabu, akavaa nguo zake.

Kwa hivyo sikuambii usiache kazi, wala sikuambii uiache. Maisha yako unayajua wewe. Nakuambia tu utofautishe maji mawili. Kuna yale unayoweza kuingia, ukachomwa, ukachubuka, ukatoka umeaibika, na wiki mbili baadaye ukarudi. Hayo ingia. Na kuna yale ambayo mtu anakuitia pesa ya haraka, umati umeshajipanga, simu ziko juu zinarekodi, na hakuna aliyefikiria utatokea wapi. Kabla hujavua viatu, uliza mashua iko wapi.