Leo Fender: Fundi wa redio aliyetupa gitaa la stima bila kujua kulipiga

KAMA umewahi kusimama karibu na jukwaa bendi ya benga ikianza kuchacha, unaujua ule mlio. Gitaa la solo linaingia, kali kama sindano. Besi nayo inakupiga kifuani, na kabla hujajua, miguu imeshaanza kazi yenyewe.

Sasa jiulize: nani alikaa chini akafikiria vyombo hivyo viwe na umbo lile na sauti ile? Hapo kuna majina kadhaa, lakini moja huwezi kulikwepa. Leo Fender. Hata kama hujawahi kulisikia, huenda umeliona limeandikwa kwenye kichwa cha gitaa la msanii unayempenda.

Ukitaka kushangaa, shangaa hili: jamaa hakujua kupiga gitaa. Hata kutuni nyuzi hakuwahi kujifunza. Alikuwa fundi wa redio, basi.

Jicho moja na boksi la vipuri

Clarence Leonidas Fender alizaliwa Agosti 10, 1909, karibu na mji wa Anaheim, jimbo la California nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa. Akiwa na miaka minane aliugua, na madaktari wakalazimika kulitoa jicho lake la kushoto. Akawekewa la kioo, akaishi nalo maisha yake yote.

Alipofikisha miaka 13, anko wake aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari alimtumia zawadi. Usidhani ni baiskeli. Ilikuwa boksi la vipuri vikuukuu vya redio, pamoja na betri. Baadaye kijana akaenda kumtembelea, akaikuta redio ambayo anko aliiunda kwa mikono yake ikiunguruma mbele ya karakana. Sauti ile ilimteka. Tangu siku hiyo ukimtafuta Leo unampata ameinamia nyaya, na kabla hajamaliza shule alikuwa tayari anawatengenezea watu redio nyumbani kwao.

Hapa pengine unangoja niseme alienda chuo akasomea elektroniki. Wapi! Chuoni alisomea uhasibu. Mambo ya umeme aliyafundishwa na vitu vilivyoharibika.

Akafutwa kazi, akakopa

Ukihangaika na kazi za vibarua, soma hapa polepole. Leo alianza kama dereva wa kupeleka mizigo katika kampuni ya barafu, kisha akafanywa mtunza hesabu. Akaoa mwaka wa 1934. Miaka hiyo uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka vibaya na ajira zilikuwa za kubahatisha. Alipata kazi katika idara ya barabara ya jimbo, ikaisha. Akaingia kampuni ya matairi, nayo ikampunguza.

Mwaka wa 1938 alikopa dola 600, akarudi mji wa Fullerton na kufungua duka la kutengeneza redio. Kama umepita Luthuli Avenue jijini Nairobi ukaona vile vibanda vyenye spika zilizofumuliwa na nyaya zinazoning'inia, basi picha unayo. Watu walileta redio, santuri na vipaza sauti. Na pole pole wakaanza kuja wanamuziki, kila mmoja na malalamiko yake.

Kelele iliyomkera kila mtu

Malalamiko yenyewe yalikuwa haya. Gitaa la kawaida lina tumbo wazi. Unapogusa nyuzi, ubao wa juu unatikisika na hewa iliyo tumboni inaikuza sauti. Nyumbani linatosha. Lakini bendi ikiwa na ngoma na tarumbeta, gitaa linamezwa.

Watu wakajaribu kulitia umeme. Sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu huwekwa chini ya nyuzi za chuma. Uzi ukitikisika karibu na sumaku, umeme mdogo unapita kwenye waya, unakwenda kwenye mashine ya kukuza sauti, kisha spikani. Kifaa hicho wapigaji hukiita pikapu, na haina uhusiano na ile ya kubebea kabeji.

Shida ilibaki tumbo. Sauti ya spika inarudi, inatikisa ubao wa gitaa, ubao unatikisa nyuzi, nyuzi zinaipeleka tena spikani, mzunguko hauishi. Umewahi kumsikia emsii wa harusi akisogeza maikrofoni karibu na spika? Ule mluzi wa kutoboa masikio ndio uliokuwa ukiwasumbua.

Dawa yake ukiisikia ni rahisi: ziba tumbo. Kama sumaku ndizo zinazosikiliza nyuzi, hewa ya ndani ina kazi gani tena? Tumia kipande kizima cha mbao.

Tuseme ukweli, Leo hakuwa wa kwanza kuiwaza. Miaka ya 1930 kampuni ya Rickenbacker ilikuwa ikiuza magitaa ya umeme ya kulalia mapajani. Naye mpiga gitaa Les Paul alikuwa ameshatia nyuzi kwenye kipande cha boriti. Lakini boriti ya Les Paul ilikuwa chombo cha mtu mmoja. Leo alitaka chombo kinachoweza kuundwa kwa mamia, kwa bei ambayo mwanamuziki wa kumbi za kawaida anaimudu.

Gitaa lisilo na urembo

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akiwa na mwenzake Doc Kauffman, Leo alichonga gitaa la mbao nzito ili tu kujaribia pikapu walizokuwa wakiunda. Halikuwa na sura. Lakini wanamuziki wa mtaani waliligusa mara moja na kurudi kuliomba. Mlio wake ulikuwa safi, na noti ilikaa hewani bila kufa haraka. Leo akaanza kuwakodisha.

Mwaka wa 1946 akasajili kampuni yake, Fender Electric Instrument Company. Kauffman aliogopa madeni, akajitoa. Usimcheke. Miaka iliyofuata biashara iliyumba, mishahara ikawa ya shida, na Leo mwenyewe alikuwa akishinda karakanani hadi usiku wa manane.

Mnamo 1948 akaajiri kijana aitwaye George Fullerton, na pamoja wakaanza kuchonga gitaa la kwanza la kuuzwa kwa wingi. Majaribio ya mwanzo yalifanywa kwa mbao za msonobari. Baadaye wakachagua mbao ya ashi kwa kiwiliwili na mepoli kwa shingo. Hizi ni mbao za kawaida kabisa Marekani. Mepoli ni ile ile inayotumika kwa fanicha na sakafu. Hakwenda kutafuta mbao za kifalme.

Na hapa ndipo utamuona fundi wa redio akifanya kazi. Zamani shingo ya gitaa ilikuwa ikigundishwa kwa gundi. Ikipinda au kuvunjika, umtafute bingwa, ulipe, ungoje wiki. Leo akaifunga kwa skrubu nne. Imeharibika? Fungua, weka nyingine, rudi jukwaani. Nyaya na swichi akazifunika kwa bamba la chuma lenye skrubu mbili. Ni mtu ambaye kwa miaka mingi alikuwa amepokea vitu vilivyoundwa bila kumfikiria atakayevifungua. Sasa zamu yake ya kuunda ilipofika, hakumsahau.

Gitaa hilo liliingia sokoni mwaka wa 1950. Wauzaji wakubwa walilicheka. Wapo waliolifananisha na kasia la mtumbwi, na wapo waliosema ni koleo la theluji. Kisha likaja tatizo la jina. Leo alikuwa ameliita Broadcaster, kumbe kampuni ya Gretsch ilikuwa na ngoma zenye jina karibu sawa na hilo. Mnamo 1951 ikabidi jina likatwe kwenye vibandiko, na kwa muda magitaa yakauzwa bila jina. Leo hii ukilimiliki moja kati ya hayo, umeomoka! Hatimaye likaitwa Telecaster. Linaundwa mpaka sasa, na umbo lake halijabadilika sana.

Alisikiliza kuliko alivyoongea

Mwaka huo huo wa 1951 akatoa besi. Kabla ya hapo mpiga besi alikuwa akiburura dude kubwa kumshinda yeye mwenyewe, analisimamisha kama mlango, na bado halisikiki. Leo akampa kitu cha kuning'iniza begani, chenye vijiti vya chuma shingoni ili kidole kikitua, noti iwe sawa. Akakiita Precision Bass. Ukisikia besi ikitembea kwenye rumba au benga unayoipenda, hiyo ni familia iliyoanzia kwenye meza yake.

Mnamo 1954 likaja lile unalolijua hata kwa kivuli: Stratocaster, lenye pembe mbili. Umbo lake lilitokana na kulalamikiwa. Wanamuziki walimwambia Telecaster ina kingo kali, inawachoma mbavu wakipiga usiku kucha. Badala ya kununa, Leo na mwenzake Freddie Tavares wakalichonga upya, wakalitoa nyama nyuma linapogusa tumbo na mbele mkono unapolala. Pikapu wakaweka tatu. Karakanani mwake wapiga gitaa waliingia na kutoka, akiwakabidhi magitaa ya majaribio waende nayo kazini kisha warudi na kasoro. Kwa vile hakujua kupiga, hakuwa na kiburi cha kudhani anajua mkono wa mpigaji unataka nini. Aliuliza.

Miaka 15 baadaye, kwenye tamasha la Woodstock la 1969, Jimi Hendrix alipanda jukwaani na Stratocaster aliyoigeuza juu chini kwa sababu alikuwa wa mkono wa kushoto. Dunia nzima ya muziki ikageuza shingo.

Aliuza akidhani anakufa

Lakini kufikia siku hiyo ya Hendrix, kampuni haikuwa ya Leo tena.

Kwa miaka alikuwa akisumbuliwa na maambukizi yasiyopona. Aliamini hana muda mrefu. Basi Januari 1965, akiwa na miaka 55, akaiuza kampuni kwa shirika la CBS kwa dola milioni 13. Ni pesa nyingi, ndiyo, lakini alikuwa anauza akijiandalia mwisho.

Kisha akabadilisha daktari. Akapona.

Hebu jiweke hapo. Una afya, una mamilioni, na jina lako liko mlangoni pa kiwanda usichokimiliki. Wengine wangenunua boti wakaenda kuvua samaki maisha yao yote. Leo aliipenda boti, ni kweli, lakini mikono ilimwasha. Mkataba ulimzuia kushindana na kampuni ya zamani kwa miaka 10. Ulipoisha akawa rais wa kampuni ya Music Man. Baadaye yeye na yule kijana wake wa 1948, George Fullerton, wakaanzisha G&L, yaani George na Leo. Kiwanda kilikuwa kwenye barabara iitwayo Fender Avenue. Mzee anakwenda kazini kwenye barabara yenye jina lake, akaunde magitaa ambayo haruhusiwi kuyaita Fender!

Mke wake wa kwanza, Esther, alifariki mwaka wa 1979. Leo akaoa tena, akaendelea na kazi. Ugonjwa wa Parkinson ulipomwandama bado alikuwa akifika mezani pake. Alifariki Machi 21, 1991, akiwa na miaka 81. Mwaka uliofuata aliingizwa kwenye ukumbi wa magwiji wa muziki wa rock, mtu ambaye hakujua hata kupiga gitaa.

Mbao uliyo nayo

Mwaka ule ule wa 1946 Leo alipofungua kampuni, kule Melbourne, Australia, mwalimu wa useremala na mpiga jazi aitwaye Bill May alianzisha kampuni ya magitaa ya Maton. Kwao ilizoeleka kwamba gitaa zuri hutoka ng'ambo. May akageukia miti ya nchi yake, ikiwemo blackwood, ambayo ni ndugu wa migunga yetu. Kampuni ingali hai. Wawili hao hawakuhitaji kufanana kwa lolote ili wafikie jibu moja: kata mti ulio karibu, usikilize, kisha boresha.

Nasi hatuna uhaba. Mpingo unaomea Tanzania umekuwa ukisafirishwa Ulaya kuundwa klarineti kwa miaka na mikaka. Kwenye yadi za mbao za mtaani kwako kuna vipande vinavyotupwa motoni, na fundi wa spika yuko hatua chache kutoka hapo.

Kwa hiyo kama wewe ndiye yule kijana aliyekaa kibandani na chuma cha kulehemu mkononi, ukiambiwa hiyo si kazi ya maana, endelea. Na mteja akirudi analalamika, usikunje uso. Mvutie kiti, umuulize panapomchoma ni wapi.