Robert Owen na Watu wa New Lanark

Mara nyingi mahali pa kazi husikika malalamiko ya pande mbili. Mkuu wa kazi husema kwamba watu wake ni wavivu. Watu nao husema kwamba mkuu wao hana utu. Leo tumeona inafaa tuwasimulie habari za mtu aliyekuta ugomvi wa namna hiyo, akautafutia dawa, na katika maisha yake akaonja ushindi na kushindwa pia. Mtu huyo ni Robert Owen.

Owen alizaliwa tarehe 14 Mei 1771 katika mji mdogo wa Newtown, nchini Wales. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka kumi hivi aliacha shule, akaenda London, kisha akawa mwanagenzi katika duka la nguo huko Stamford. Baadaye alihamia Manchester, mji uliokuwa ukivuma kwa mashine mpya za pamba, na akiwa bado kijana wa miaka ishirini hivi alikabidhiwa kiwanda chenye wafanyakazi wapatao 500. Kazi hiyo hakuijua vema. Kwa muda wa majuma sita aliingia kiwandani wa kwanza na kutoka wa mwisho, akitazama kila kitu kimya kimya, asitoe amri hata moja. Alipoanza kusema, alisema jambo analolijua.

Mwaka 1799 Owen na wabia wake walinunua viwanda vya kusokota nyuzi vya New Lanark, kando ya mto Clyde huko Uskochi, kwa pauni 60,000. Aliyewauzia, David Dale, ndiye aliyekuwa baba wa Caroline, ambaye Owen alimwoa mwaka huo huo. Mwezi wa Januari 1800 alishika uongozi wa kijiji chenye watu wapatao 2,000. Miongoni mwao walikuwamo watoto wapatao 500 waliotolewa katika nyumba za maskini. Wizi na ulevi vilikuwa vimezagaa, na watu hawakumwamini hata kidogo. Walimwona mgeni aliyekuja kuwakamua jasho lao.

Basi Owen alifanya nini? Hakuwafukuza. Alishika imani kwamba tabia ya mtu hujengwa na hali anayoishi, akaanza kuirekebisha hali hiyo. Maduka yaliyokuwapo yaliwauzia watu vitu vibovu kwa bei ya juu. Yeye akafungua duka lenye vitu vizuri kwa bei nafuu. Matusi na viboko alivikataza. Badala yake, karibu na kila mfanyakazi kilitundikwa kipande kidogo cha mti chenye pande nne: nyeusi, buluu, manjano na nyeupe. Upande ulioelekezwa mbele ulionyesha kazi ya jana ilikuwaje. Nyeusi ilikuwa mbaya, na nyeupe bora. Mtu aliyeona ameonewa na msimamizi alikuwa na haki ya kumwendea Owen mwenyewe kulalamika.

Hata hivyo, haikuwa mbinu hiyo iliyoiyeyusha mioyo ya watu. Miaka kadhaa ilipita huku shaka ikiendelea. Kisha Marekani ikazuia bidhaa zake zisipelekwe nje, na bei ya pamba ikapanda mno. Matajiri wengi walifunga viwanda na kuwaacha watu wao bila riziki. Owen naye alisimamisha mashine, lakini kwa muda wa miezi minne aliwalipa wafanyakazi ujira wao kamili, kazi yao ikiwa ni kuzitunza mashine zilizosimama. Malipo hayo yalizidi pauni 7,000. Tangu hapo watu walijua kwamba maneno yake yana uzito.

Wabia wake hawakufurahia matumizi kama hayo. Mwishoni mwa mwaka 1813 viwanda vilipigwa mnada, nao wakatumaini kuvichukua. Owen alikwisha kupata wabia wapya, akiwamo mwanafalsafa Jeremy Bentham, waliokubali kutosheka na faida ya asilimia tano, na kilichozidi kitumike kwa manufaa ya watu. Alishinda kwa pauni 114,100. Aliporejea, wanakijiji walifungua farasi wake na kulivuta gari lake kwa mikono yao wenyewe. Tarehe 1 Januari 1816 alifungua nyumba ya elimu, ambamo watoto wadogo walijifunza kwa nyimbo na ngoma, bila fimbo.

Lakini tusimfanye malaika. Owen aliwapenda watu wake kama baba apendavyo watoto. Aliwaamulia mengi pasipo kuwashauri. Kasoro nyingine ilionekana Marekani. Mwaka 1825 alinunua kijiji cha New Harmony, katika jimbo la Indiana, ili kianzishwe humo ujamaa mpya. Mamia ya watu walikuja, wakapokelewa bila kuchaguliwa. Wasemaji walikuwa wengi, mafundi wachache, naye mwenyewe akaondoka upesi na kukaa mbali kwa miezi mingi. Katiba zilibadilishwa tena na tena. Kufikia mwaka 1827 jaribio lilikuwa limevunjika, na sehemu kubwa ya mali yake ikapotea.

Tukilinganisha vijiji hivyo viwili, twapata fundisho. New Lanark aliujenga uaminifu kwa miaka, akiwa pamoja na watu. New Harmony alidhani utazaliwa kwa tangazo.

Owen alifariki tarehe 17 Novemba 1858 kule kule Newtown alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 87. Mawazo yake hayakuzikwa naye, kwani baadhi ya wale walioanzisha duka la ushirika la Rochdale mwaka 1844 walikuwa wafuasi wake. Viwanda vya New Lanark viliendelea kufanya kazi hadi mwaka 1968, na tangu mwaka 2001 vimo katika orodha ya urithi wa dunia.

Wazee wetu walinena kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mkuu wa kazi anayetaka watu wake washikamane naye na ajiulize: siku mashine ziliposimama, alikuwa upande gani?